Sindano Niliyomdunga Marjani

Bondeni, Mombasa
Jumamosi, baada ya chai ya asubuhi

Mwanangu Rukia,

Salamu tumeshapeana leo uliponiletea chai, ukaniamkia, nikakuitikia, kwa hivyo sizirudii hapa. Na mambo ya sweta, ya kufunga mlango kwa ndani, ya kutokula vya njiani na kutopokea kitu kwa mtu usiyemjua ndani ya gari la moshi, hayo mamako amekwisha kuyasema mara tatu na kabla hujaondoka kesho atayasema mara ya nne. Namwachia yeye. Mimi nina jambo moja tu, na jambo hilo limenikataza kukaa kitako tangu alfajiri.

Hii ni mara ya tatu naanza barua hii. Ya kwanza nilianza na habari za babu yako, nikaona nazunguka. Ya pili nilikuhutubia kama niko juu ya mimbari, nikaona haya. Zote nimezichana. Nimefungua dirisha, nimefunga dirisha, nimekwenda kulitazama tangi la maji na najua limejaa. Mamako kaniuliza, "Mwana yuwaenda kusoma, haendi vitani. Wewe una nini leo?" Nikamwambia tumbo limenijaa gesi. Akanipikia maji ya tangawizi, na nimeyanywa yote kwa ugonjwa nisio nao.

Basi naingia moja kwa moja, maana nikizunguka tena nitaichana na hii. Hayo unayoyajua kuhusu Marjani, yule farasi wa Bwana Nassor, si kweli. Wewe wajua kwamba babako alimponya kwa sindano, kisha Charo, saisi wake, yule aliyekuwa akimtunza, akamuua kwa uzembe. Mimi sikumponya. Na Charo hakumuua. Huko uendako kusomea udaktari wa wanyama watakufundisha sindano ile ile. Siku hiyo utakuwa umekaa darasani na kalamu mkononi, utajumlisha mwenyewe, na utanijua. Nataka uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa mwalimu. Naogopa, Rukia. Naogopa utanidharau, na sijawahi kuogopa dharau ya mtu mzima yeyote kama ninavyoogopa yako.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Jumamosi kama hizi nilikuwa nikikuchukua tukienda ua wa farasi wa Bwana Nassor, ule uliokuwa nyuma ya ghala lake la mbao. Alikuwa na farasi wawili, mmoja mzee wa kijivu ambaye kazi yake ilikuwa kula, na Marjani, wa rangi ya kahawia, mwenye soksi moja nyeupe mguu wa mbele wa kushoto. Watalii wa hotelini walimkodi, na maharusi wa Mji wa Kale walimkodi. Wewe ulikuwa ukifika hunitazami tena, wakimbilia kwa Charo. Ukimwita Mjomba Charo. Yeye ndiye aliyekufundisha kusimama ubavuni mwa farasi wala si nyuma yake, kupitisha mkono begani mpaka chini, na kumwomba mguu kwa kumfinya kidogo juu ya kifundo. Ulirudi nyumbani ukinuka farasi, mamako akikugombeza, nami nikicheka.

Sasa nikueleze ile sindano ni ya nini, kwa maneno yangu ya msaidizi, kabla hujaelezwa kwa maneno ya vitabu. Farasi akichechemea hasemi wapi panauma. Mguu wake kuanzia goti kwenda chini hauna nyama ya kushika. Ni mfupa, kano, ngozi na mishipa ya fahamu inayoteremka nyuma, huku na huku, mpaka kwenye kwato. Ukimkimbiza mchakamchaka utaona kichwa kinapanda kila mguu mbovu ukikanyaga, ndipo ukajua ni mguu gani. Lakini ni wapi katika mguu huo? Hapo ndipo unatia ganzi mshipa wa fahamu. Waanzia chini kabisa, pale pembamba nyuma, juu kidogo ya kisigino cha kwato, sindano moja upande huu na moja upande ule. Wangoja kama dakika kumi. Wamgusa ngozi kwa ncha ya kalamu uone kama yuahisi. Wamkimbiza tena. Akienda sawa, umejua maumivu yako humo kwatoni. Akichechemea vile vile, wapanda hadi kwenye kifundo, ukafanya tena, ukangoja tena. Kisha juu ya kifundo. Hivyo, hatua kwa hatua, mpaka mguu wenyewe ukuambie.

Haya nilifundishwa Nairobi nilipokuwa kijana, kabla sijamwoa mamako, nikimbebea mkoba mzee mmoja daktari wa farasi wa mashindano. Alikuwa mkali, hana tabasamu. Siku moja alichelewa, nami nikaona niwahi. Farasi alikuwa akichechemea, nikadunga juu, chini kidogo ya goti, nikadhani nitampokea daktari na kazi imekwisha. Farasi akaenda sawa kama hana kitu. Mzee alipofika akauliza nimedunga wapi, nikamwonyesha kwa fahari. Akanitazama, akasema, "Sasa umeulaza mguu mzima. Utamuuliza nani panapouma?" Tukarudi nyumbani bila kujua chochote, tukaanza upya siku ya pili.

Hilo lilikuwa kosa la haraka, na la haraka husameheka. Mzee yule alinifundisha na jingine, nalo hakulirudia, alidhani mtu husikia mara moja. Alisema ukishuku mfupa, ukishuku hata ufa kama unywele, irudishe sindano mfukoni. Maumivu ndiyo yanayomzuia mnyama asiukanyagie. Ukiyaondoa ataukanyagia kwa uzito wake wote, na yeye hana habari. Nililisikia, mwanangu. Siwezi kukwambia sikulisikia.

Nimesimama tena. Nimekwenda mpaka kwa muuza kahawa wa pembeni na kurudi, na kahawa sikunywa. Wewe uko chumbani wakunja nguo, nakusikia wacheka na nduguzo. Haya, naendelea.

Siku ile ilikuwa ya arusi ya mwanawe Bwana Nassor mwenyewe. Wageni walikuwa wametoka Lamu na Unguja. Bwana harusi alitakiwa apande Marjani baada ya sala ya alasiri, apelekwe kwa zefe, watu na matari nyuma yake, kupitia Ndia Kuu yote mpaka nyumbani kwa bibi harusi. Bwana Nassor alikuwa amelisema jambo hili msikitini, sokoni na barazani kwa mwezi mzima. Saa nane akanitumia mtu mbio, twende, Marjani haweki mguu chini.

Nilikuja nawe. Wakumbuka ulivyokuwa umevaa? Gauni la arusi la manjano na malapa ya bafuni, maana viatu mamako alikuwa amevificha mpaka jioni usivichafue. Charo alikuwa ameshika hatamu. Aliniambia jana yake hotelini mtalii mmoja alimpiga mbio Marjani kwenye mawe, akarudi akichechemea. Nikainama, nikashika mguu ule wenye soksi. Ulikuwa na moto. Nikabonyeza mfupa mfupi chini ya kifundo, Marjani akaunyakua mguu mkononi mwangu. Charo akasema taratibu, "Hapo, daktari. Hapo hapo." Nikabonyeza tena, akaunyakua tena. Nilijua, Rukia. Sikujua kama mtu aliyeona picha ya eksirei, lakini nilijua vya kutosha kurudisha sindano mfukoni.

Kisha Bwana Nassor akaingia uani, amevaa joho, ananukia udi. Hakunipigia kelele, na afadhali angenipigia. Aliniwekea mkono begani mbele ya watu wake akasema, "Daktari, leo usinivunjie uso."

Mimi si daktari. Wewe wajua kazi yangu, mimi msaidizi wa mifugo, nachanja ng'ombe na kuandika vibali vya mbuzi. Lakini mji huu uliniita daktari tangu nirudi Nairobi, na sikuwahi kumsahihisha hata mtu mmoja. Jina lile lilinikaa vizuri. Bwana Nassor aliponiita hivyo mbele ya wageni wa Unguja, nikaona kusema "sijui" ni kulivua lile jina hapo hapo uani. Na wewe ulikuwa umesimama juu ya ndoo iliyofudikizwa ili uone vizuri, wanitazama mimi.

Sikuanzia chini. Sikuwa natafuta panapouma, nilikuwa nimeshapapata. Nilipiga sindano nne juu ya kifundo, mbili ndani na mbili nje, nikalaza kila kitu kilichokuwa chini yake. Charo alinitazama. Tukangoja, nikamgusa ngozi kwa kalamu, hakutikisika. Nikamwambia Charo amtembeze. Marjani akatoka akiweka mguu chini sawasawa, kichwa kimetulia, akazunguka ua mara mbili. Na wewe ukapiga makofi. Ulipiga makofi juu ya ile ndoo mpaka ukateleza, ukasema, "Baba amemponya."

Nikakushusha, nikakubusu. Nilijiambia zefe haifiki saa nzima, ganzi itadumu zaidi ya hapo, wataenda mwendo wa polepole, farasi atarudi bandani apumzike wiki nne, na mfupa utajiunga. Nilijiambia yote hayo kwa haraka, kama mtu anayejaza fomu asiyotaka kuisoma.

Uliyaona yaliyofuata, lakini wewe uliyaona kutoka dirishani juu pamoja na mamako. Mimi nilikuwa chini, hatua tano nyuma. Matari yalikuwa yanapigwa, akina mama wanapiga vigelegele kutoka madirishani, na Charo ameshika hatamu kwa mikono miwili, anamtuliza. Marjani hakuteleza. Nakwambia tena, hakuteleza. Alikanyaga jiwe la kawaida tu, pale njia inapopinda, na mguu ukavunjika chini yake. Nilisikia. Na jambo ninaloliona hata leo nikifumba macho ni kwamba alijaribu kuukanyagia tena, kwa sababu hakuhisi kitu. Akaukanyagia mara tatu. Mnyama mwenye maumivu asingefanya hivyo. Ganzi yangu ndiyo iliyomfanya asimame juu ya mfupa uliokatika.

Bwana harusi alianguka na joho lake, akaumia bega, si sana. Watu walitandaza magunia kuwa pazia. Sindano ya mwisho nilimdunga mimi, kabla ya magharibi, Charo amempakatia kichwa.

Na hapo hapo, magunia hayajaondolewa, Bwana Nassor aliuliza, "Imekuwaje?" Aliniuliza mimi. Kulikuwa na watu kumi pale. Nikasema, "Ameteleza." Neno moja. Sikumtaja Charo, nataka unielewe, na miaka yote hii nimejitetea kwa hilo, kwamba sikumtaja. Lakini farasi akiteleza kuna aliyemshika hatamu, na kila mtu akamgeukia yeye. Mmoja akasema alikuwa anatafuna miraa. Mwingine akasema alimvuta vibaya. Charo akanitazama, akingoja. Mimi nikainama, nikawa nafunga mkoba wangu, kifungo chake kikakataa kufunga, nikakishughulikia kifungo. Asubuhi yake Charo hakuwa na kazi.

Ngoja. Mamako ananiita.

Alitaka nimshikie gunia la kufunga achari zako. Amefunga chupa sita, ukifika na tatu nzima shukuru.

Sasa ndiyo nafika kwenye kosa ninaloliona kubwa kuliko ile sindano, na utashangaa, kwa sababu hakuna aliyekufa. Ilikuwa mwezi mmoja baadaye, tunakula usiku, mkate wa mofa na samaki wa kupaka. Mamako akakuuliza mbona mchana mmempita Charo pale karibu na msikiti na hukumwamkia. Alikuwa tayari kukupiga kofi, wamjua mamako na adabu. Wewe ukajibu bila kuinua macho, "Simwamkii mtu aliyemuua Marjani." Mamako akanigeukia mimi niseme kitu. Mkate ulikuwa mkononi. Nikauchovya, nikautia mdomoni, nikatafuna. Mamako akachukulia kwamba nakubali, akakuacha.

Tangu usiku ule hukumpa Charo shikamoo hata siku moja. Miaka minane. Nimekuona ukivuka barabara. Mtoto uliyelelewa kumwamkia kila aliyekuzidi umri, hata mwendawazimu wa sokoni, ukamtoa mtu mmoja tu katika mji mzima, na mimi babako ndiye niliyekufundisha kwa kutafuna.

Nikaendelea kuongeza. Ulipokuwa kidato cha tatu ukaandika insha ya siku niliyomponya farasi, nikaisoma, nikakusahihishia jina la dawa. Ulipofaulu na wageni wakauliza kwa nini udaktari wa wanyama, ukawasimulia ile ndoo na yale makofi, nami nilikuwa nimekaa pale pale, nikatabasamu. Siku nyingine niliongeza na chumvi. Umechagua maisha yako yote kwa jambo ambalo halikutokea. Nalifikiria hilo nikitembea, na ndiyo maana natembea sana. Mlikuwa mkinicheka kwamba baba akienda bandarini huzunguka njia ndefu. Sikanyagi Ndia Kuu, Rukia. Ile njia ndefu ni ya kuipita mbali ile kona.

Nilijiambia nitasema Bwana Nassor akifa, kwa kuwa ndiye ninayemwogopa. Amekufa mwaka wa pili sasa, nimemzika kwa mikono yangu, na sikusema. Basi sikuwa namwogopa yeye.

Naiweka kalamu chini. Siwezi kuendelea kukuandikia habari za Charo na Charo mwenyewe yuko Majengo, mwendo wa dakika chache. Nakwenda.

*

Nimerudi. Adhuhuri imeshaadhiniwa, nimesali huko huko. Nitakuandikia kabla sijaanza kuyapamba.

Nilimkuta nje ya nyumba yake, ameupindua mkokoteni wake wa maji, anapaka grisi ekseli. Wewe wajua yeye ndiye anayesukuma maji mtaa ule, madebe ishirini kwa mara moja, kazi ya punda anafanya yeye. Amekuwa mwembamba. Aliniona, akasema karibu, akanisogezea debe nikalie. Sikukaa. Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani, yote yakapotea.

Nikamwambia, "Charo, nimekuja kwa sababu ya Marjani. Mimi ndiye niliyemuua."

Hakuacha kupaka grisi. Akasema, "Najua, daktari. Si mimi niliyemshika kichwa ukimtia ganzi?"

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema siku ile. Akacheka kidogo, si kicheko cha furaha. Akaniuliza nani angemsikia, yeye saisi, Mgiriama, mbele ya wageni wa Unguja, dhidi ya daktari. Kisha akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akasema nyumbani kwake walilala njaa siku nyingi mwaka ule na mkewe alirudi kwao Kaloleni miezi minne. Aliyasema hayo bila kupandisha sauti. Mimi nilikuwa natembea huku na huku mbele yake, akaniambia nisimame, namtia kizunguzungu.

Nikamwambia naomba radhi. Nikamwambia nitakwenda kwa watoto wa Bwana Nassor niwaambie, nitasema msikitini, popote atakapotaka. Alisema niende, ni haki yangu kwenda, lakini yeye hilo halimpi kitu sasa, ule ua umeshakuwa gereji na farasi hakuna. Kisha akauliza habari zako. Nikamwambia wasafiri kesho, na waenda kusomea nini. Nikaona uso wake unabadilika.

"Yule mtoto alikuwa akiniita Mjomba," akasema. "Mimi ndiye niliyempa mguu wa farasi wa kwanza kuushika. Leo akiniona avuka barabara. Kazi nilipata nyingine, daktari. Salamu yake sikupata nyingine."

Nikalikalia lile debe. Akasema radhi yangu nikae nayo kwanza, hajui kama ameshanisamehe, ataangalia. Nami sikumsukuma. Ningetaka anisamehe pale pale nirudi nyumbani nimepona, na huo ungekuwa ule ule mchezo wangu wa kulaza mguu mzima ili nisisikie. Acha iniume mahali pake. Nimeanza kupajua panapouma, na hilo peke yake limenichukua miaka minane.

Nilipokuwa naondoka akaniita. Akasema kesho jioni ana maji ya kupeleka karibu na stesheni ya reli. Kabla gari la moshi la saa moja halijaondoka atasimama hapo langoni na mkokoteni wake, hatasema kitu, wala hatakufuata ndani. "Akiniamkia," akasema, "nitajua umemwambia. Akinipita, nitajua hukumwambia." Kisha akarudi kwenye grisi yake.

Nilipokuwa njiani narudi nilipita Ndia Kuu. Nilisimama kwenye ile kona. Hakuna kitu pale, mwanangu, kuna duka la vinyago na mtu amelala juu ya kiti. Miguu yangu ilitaka kukimbia, nikaizuia mpaka nikahesabu mia.

Sina nasaha nyingi. Huko watu watakuita daktari kabla hujawa. Mama wa nyumba ya kupanga atakuita, watoto watakuita, na utamu wake nimeuonja. Siku utakayoitwa hivyo na hujui jibu, sema hujui, hata kama kuna mtu amesimama juu ya ndoo anakutazama. Hasa kama yuko. Mimi nilidhani nikisema sijui utaniona mdogo. Sasa nafikiri ungeshuka kwenye ndoo, ungekasirika kwamba farasi haendi arusini, na jioni ungekuwa umesahau. Marjani angekaa bandani. Charo angekuwa mjomba wako mpaka leo, na kesho angekubebea sanduku.

Na kama ukiona huutaki tena udaktari huo, kwa kuwa uliuchagua kwa sababu ya uwongo, nitakuelewa, na nitamkabili mamako mimi. Lakini fikiri kwanza. Makofi ulinipigia mimi, ila kushika mguu wa farasi, na kumsikiliza, ulifundishwa na Charo, na Charo hakudanganya.

Hii barua nitakupa kesho baada ya chakula cha mchana, mamako akiwa amejinyoosha. Utakuwa na saa nne za kuisoma na kuniona mimi ni nani. Mamako sijamwambia. Nitamwambia tukitoka stesheni, tukiwa wawili, na atanigombeza mwaka mzima, na haki yake. Sitakuuliza kama umeisoma. Hutalazimika kunitazama wala kunishika mkono tukiagana. Nitafikiri umekasirika, na utakuwa huna kosa.

Mimi salamu waweza kuninyima, Rukia, hata za mwaka mzima, hata za zaidi. Nitangoja. Lakini kesho kwenye lango la stesheni kutakuwa na mtu mwembamba amesimama karibu na mkokoteni wa maji, mikono yake ina grisi ambayo haitoki. Usivuke barabara. Mimi nitakuwa nyuma yako na sanduku, na nitakuwa nasikiliza.

Babako,
Athman